Mringaringa katika Bustani: Mazungumzo na Wakulima wa Rungwe



Leo sikuja kusema nanyi juu ya mbolea, wala juu ya bei ya mazao. Nimekuja kusema juu ya mti mmoja ambao wengi wenu mmekwisha kuuona kwa macho, lakini wachache wameupanda kwa mikono yao. Mti huo ni mringaringa.

Mringaringa ni mti wa asili ya nchi zetu; haukuletwa na meli. Huota wenyewe mabondeni na pembeni mwa misitu, tangu Ethiopia mpaka Zimbabwe, na hupenda mahali penye kimo cha mita 700 hivi mpaka mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Tukuyu mjini ni kama mita 1,600. Basi ninyi mnakaa katikati ya makao yake, tena mna udongo mweusi wa volkano na mvua ambayo wenzenu wa Dodoma wanaisikia kwa masikio tu. Mimi ni mzaliwa wa Marangu, na kwetu hakuna kihamba cha mzee kisichokuwa na mringaringa juu ya kahawa na migomba. Nilipohamishiwa kazi huku nilishangaa kuona jinsi unavyokatwa na kusahauliwa.

Utaujua kwa majani yake mapana, ya mviringo, yenye kukwaruza kidogo ukiyapapasa. Maua yake ni meupe, laini kama karatasi iliyokunjwakunjwa, yenye umbo la mdomo wa tarumbeta. Hutoka kwa mafungu makubwa, hata mti mzima huonekana kama umefunikwa shuka, na yakianguka, ardhi chini yake nayo huwa nyeupe. Baadaye huja matunda madogo ya manjano, yenye utomvu mtamu unaonata. Watoto huyala, na ndege pia.

Najua mmoja wenu ataniuliza, “Bwana shamba, maua hayo yananifaa nini mimi niliyepanda parachichi?” Swali hilo ni zuri, na ndilo lililonileta hapa. Tangu miaka ya 2000 wakulima wengi wa wilaya hii wameweka parachichi la Hass katika nafasi ya mazao mengine. Wapo waliong’oa kahawa. Wapo waliopunguza migomba ya mama zao. Fedha ya karo ya watoto sasa inaning’inia katika mparachichi, na kama mparachichi hauzai, nyumba inatikisika. Basi yafaa tujue tunda lile linapatikanaje.

Ua la mparachichi lina tabia ya ajabu: hufunguka mara mbili. Siku ya kwanza hufunguka likiwa jike, yaani sehemu ya kupokea chavua iko tayari, lakini chavua yake lenyewe haijatoka. Kisha hujifunga. Siku ya pili hufunguka tena likiwa dume. Sasa linatoa chavua, lakini wakati wake wa kupokea umekwisha kupita. Kwa aina ya Hass, ujike huwa asubuhi, na udume huwa alasiri ya siku inayofuata. Kwa aina ya Fuerte ni kinyume chake: ujike alasiri, udume asubuhi ya siku ya pili. Ndiyo maana mkulima mwenye akili huweka miti michache ya Fuerte kati ya Hass zake, ili moja ikiwa tayari kupokea, nyingine iwe tayari kutoa.

Lakini hata ukiwa na aina zote mbili, chavua haina miguu. Ni nzito na inanata, na upepo hauwezi kuifikisha mbali. Hapana budi awepo mchukuzi. Mchukuzi huyo ni nyuki, akisaidiwa na nzi na wadudu wengine wadogo. Katika maua elfu moja ya mparachichi, mambo yote yakienda vizuri, pengine litashika tunda moja au mawili. Nyuki wakipungua, hata hilo moja hulipati.

Tena hapa kwetu Rungwe liko jambo la pili, ambalo mkulima wa nchi kavu halimhusu. Asubuhi zetu nyingi ni za ukungu na baridi. Baridi ikiwepo, maua ya parachichi huchelewa kufunguka, na nyuki hukaa ndani ya mzinga. Siku nyingine jua hutoka kwa saa mbili tu, kisha mvua inarudi. Nyuki anayeishi mbali hatakuja kwa ajili ya saa mbili. Anayeishi mpakani mwa shamba lako atatoka jua likitokeza, afanye kazi yake, arudi.

Na nyuki hakai mahali pasipo chakula. Mparachichi huchanua kwa majuma kadhaa tu katika mwaka, lakini nyuki anakula miezi yote kumi na miwili. Ukiwa umefyeka kila kitu kingine, ukaacha shamba safi kama kichwa kilichonyolewa, umempa nyuki karamu ya muda mfupi na njaa ya muda mrefu. Atahama. Msimu ujao maua yako yatafunguka, yatajifunga, yataanguka.

Kosa hili nalijua kwa sababu nimelifanya. Nilipotoka chuoni na stashahada yangu mpya, nilijiona kwamba najua kila kitu. Nilifika kwa mzee mmoja, upande wa mashariki wa mlima, aliyekuwa na miringaringa mitatu mikubwa katika kahawa yake. Nikamwambia kivuli kile kinamla mavuno. Nikamwambia akate, apande parachichi kwa mistari, na mpakani aweke mikaratusi ya kuuza nguzo. Mzee alinisikiliza kwa adabu, akakata. Mbao akauza vizuri, sikatai.

Miparachichi ilipofika umri wa kuzaa, ilichanua kwa wingi sana, hata tukafurahi. Matunda yakashika machache. Mwaka uliofuata vilevile. Nikaenda nikakaa naye chini ya mti mmoja, siku ya jua, tukahesabu nyuki kwa muda wa saa nzima. Tuliona wanne. Kwa jirani yake, aliyekuwa na migomba ya zamani iliyochanganyika na miti ya kila namna, na mzinga wa gogo juu ya mmoja, miparachichi sita tu ilikuwa imeinamisha matawi. Sisemi kwamba miringaringa ile mitatu peke yake ndiyo sababu. Baadhi ya miche ya mzee ilikuwa mahali ambapo maji husimama, na mizizi ilikuwa imeanza kuoza. Kosa hilo nalo lilikuwa langu, maana mimi ndiye niliyepima mistari. Lakini mzee aliniambia neno ambalo sijalisahau: “Mwanangu, ulinivunjisha meza, sasa unaniuliza wageni wako wapi.”

Tangu siku ile, kila ninapopita shambani wakati wa maua, mimi huhesabu nyuki kwanza kabla ya kusema lolote. Nanyi fanyeni hivyo. Ngoja siku yenye jua, kama saa nne au saa tano ya asubuhi, simama mbele ya mparachichi mmoja uliochanua vizuri, utazame mti wote polepole. Ukiona nyuki kumi au zaidi kwa mara moja, shukuru. Ukiona chini ya watano, wachukuzi hawatoshi, na mbolea haitakusaidia katika jambo hilo.

Sasa tuseme namna ya kuupanda mringaringa.

Tafuta mti mama wenye shina lililonyoka na afya njema. Mringaringa hupenda kupinda na kutoa matawi ya chini, na mbegu ya mti uliopinda huelekea kuzaa mti uliopinda. Okota matunda yaliyoiva, ya manjano, yaliyoanguka karibuni. Yaliyokaa chini siku nyingi huwa yametobolewa na wadudu. Yaloweke katika ndoo ya maji kwa siku moja. Kisha yasugue kwa mchanga mpaka ule utomvu unaonata utoke wote na zibaki kokwa tupu. Kazi hii inachosha, na watu wengi huiruka. Wakishairuka, utomvu huvuta ukungu na sisimizi, nao hulalamika kwamba mbegu za serikali ni mbovu. Zioshe, uzianike kivulini, si juani.

Sia katika kitalu chenye udongo laini uliochanganywa na mboji na mchanga kidogo, au moja kwa moja katika viriba, kokwa mbili kila kiriba. Funika kwa udongo kiasi cha unene wa kokwa yenyewe, tandaza nyasi nyepesi juu, na kuweka kivuli. Halafu ngoja. Mringaringa hauna haraka: mbegu huota baada ya majuma manne mpaka manane, tena haziotoi pamoja, moja leo, nyingine baada ya juma. Nimewaona watu wakimwaga viriba kwa kudhani mbegu zimekufa, na chini yake chipukizi lilikuwa limekwisha kupasua kokwa. Endelea kumwagilia. Kokwa moja huweza kuwa na mbegu zaidi ya moja, basi ikitoka miche miwili au mitatu pamoja, bakiza ulio na nguvu, mingine uing’oe ingali midogo.

Kama huna subira ya mbegu, tazama chini ya mti mama wakati wa mvua. Utakuta miche iliyojiotea. Ichimbue ikiwa na urefu wa kiganja, pamoja na udongo wake, uitie katika viriba na kuiweka kivulini kwa majuma machache kabla ya kuipeleka shambani.

Mche ukifika urefu wa futi moja au zaidi, unafaa kupandwa. Panda mvua zinapoanza kushika, mwezi wa Novemba au Desemba, ili upate miezi mingi ya mvua mbele yake. Wiki mbili au tatu kabla ya siku ile, chimba shimo la futi mbili upana na futi mbili kina. Udongo wa juu uweke upande wake, changanya na debe moja la samadi iliyooza, urudishe huo kwanza. Toa kiriba chote; usiache hata kipande, maana mizizi itazunguka humo humo kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Miaka miwili ya kwanza palilia mviringo wa hatua moja kuzunguka mche, weka matandazo yasiyogusa shina, na zungushia vijiti. Ng’ombe na mbuzi wanaupenda mti huu ukiwa mdogo, na ng’ombe mmoja aliyekata kamba hukurudisha nyuma mwaka mzima.

Juu ya mahali pa kuupanda, sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi huharibu. Mparachichi unataka jua. Basi usipande mringaringa katikati ya mistari ya parachichi. Uweke mpakani, au karibu na nyumba, usiopungua hatua kumi na mbili kutoka mparachichi ulio karibu. Jua letu kwa sehemu kubwa ya mwaka hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo kivuli huangukia kusini. Mti uliopandwa mpaka wa kusini utakusumbua kidogo sana. Lakini kivuli hicho sasa kitaangukia kwa jirani! Zungumza naye kwanza. Nimesuluhisha ugomvi wa mipaka zaidi ya mara moja, na ugomvi wa mti ni mbaya kuliko wa ng’ombe, kwa sababu ng’ombe huondoka.

Katika kahawa na migomba ni habari nyingine. Hapo mringaringa waweza kusimama ndani ya shamba, miti minane mpaka kumi na miwili kwa ekari moja, mradi upogolee matawi ya chini kila mwaka ili mwanga upite. Majani yake mapana huanguka na kuoza upesi, nayo ni matandazo mazuri. Kahawa ya arabika huweza kujizalisha kwa chavua yake yenyewe, lakini nyuki wakiitembelea, punje hushika zaidi.

Kwa mkulima mwenye ekari moja ya parachichi, miringaringa minne au mitano ya mpakani inatosha. Ukitunzwa vizuri hufika mita saba au nane kwa miaka saba hivi. Mbao yake nzuri ya milango, viti, vinu na mizinga itawafaa watoto wenu. Maua na matandazo yatakufaa wewe mwenyewe. Ukikatwa, kisiki huchipua tena.

Hata hivyo mti mmoja wa aina moja hautoshi kumlisha nyuki mwaka mzima. Chukua daftari la mtoto la zamani, andika kila mwezi ni mimea gani inayochanua katika shamba lako na pembeni yake. Baada ya mwaka utaona miezi mitupu. Hiyo ndiyo miezi ya njaa, na ndiyo itakayokuonyesha mti au mmea gani mwingine wa kuongeza. Pia acha ukanda wa hatua mbili mpakani bila kuulima. Najua baba zenu waliwafundisha kwamba kishona nguo mpakani ni alama ya uvivu. Nyuki hawajui hivyo. Kwao ni chakula.

Ukitaka kuweka mzinga, tundika katika mti wa mpakani, mbali na nyumba, njia ya watoto, na hasa banda la ng’ombe. Wengi wenu mnafuga ng’ombe wa maziwa wanaolishwa bandani. Ng’ombe aliyefungwa hawezi kukimbia, na nyuki wetu ni wakali. Kundi lililokasirika huweza kumwua. Hatua mia moja si nyingi.

Na dawa za kuua wadudu? Usipulize wakati maua yamefunguka. Kama hapana budi, ongea kwanza na afisa wa ugani wa kata yako, uchague dawa isiyo kali kwa nyuki, upulize jioni nyuki wakiisha kurudi. Mtu mmoja akipuliza saa nne ya asubuhi, nyuki wa kijiji kizima wanakufa, kwa kuwa nyuki huruka kilomita mbili, tatu, kutafuta chakula.

Ndege nao watakuja. Chozi atanyonya maua, shore na ninga watakula matunda. Msiwafukuze kwa manati. Ndege wengi wanaokula matunda hulisha makinda yao viwavi na wadudu, na hiyo ni kazi ambayo hamwilipi. Watadonoa papai zako mbili tatu, ni kweli. Vuna mapema kidogo.

Wale mnaopakana na msitu wa Mlima Rungwe mna jambo lenu. Msitu ule ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2009, na ndani yake yumo kipunji, kima ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 2003, ingawa wawindaji wa vijiji vya pembeni walikuwa na jina lake siku zote. Nje ya milima hii hupatikana katika sehemu moja tu ya Udzungwa. Kipunji na kima wengine hupenda matunda, basi ninyi msipande mringaringa ukingoni kabisa, kando ya mahindi, mkawaita wageni msioweza kuwalisha. Upandeni karibu na nyumba. Matawi mnayopogolea kila mwaka yatawapa kuni, na mama hatahitaji kuvuka mpaka wa hifadhi kuokota.

Jambo moja juu ya mikaratusi. Siwakatazi kuipanda, nguzo ni fedha. Lakini iondoeni kwenye chemchemi na kingo za mito. Inakunywa maji mengi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye kingo hizo. Mahali pale pana nafasi nzuri ya mringaringa na miti mingine ya asili, ipandwe kwa makubaliano na serikali ya kijiji.

Yule mzee niliyemkatisha miti alirudia kupanda. Vile visiki vitatu viwili vilikuwa vimechipua, akachagua chipukizi moja kila kisiki, mengine akayakata. Mimi nikamletea miche mitatu ya mpakani kwa fedha yangu. Mara ya mwisho nilipopita, mmoja wa visiki ulikuwa umechanua, na nilihesabu nyuki kumi na saba katika mparachichi ulio karibu, nikaacha kuhesabu kwa sababu aliniita chai.

Nina kokwa zilizosuguliwa tayari, kama nusu debe. Anayetaka abaki baada ya maswali, nitampimia kikombe kimoja. Zichukueni katika karatasi au kitambaa. Mkizifunga katika mfuko wa nailoni zitatoa jasho na kuota ukungu kabla hamjafika nyumbani.